Wiski ya Posa

Rozalia alirudi kutoka kupulizia mikorosho macho yamemwiva kwa salfa na mabega yamekufa ganzi kwa uzito wa mashine, akamkuta kaka yake Saturnini barazani ananusa kikombe. Hakuwa anakunywa. Alikuwa ananusa, macho kafumba, pua kaizamisha mle ndani. Mbele yake, juu ya stuli, zilisimama chupa nne za wiski ya Uskoti, na mbili kati ya hizo zilikuwa wazi.

"Dada, njoo," alisema bila kufumbua macho. "Hii ina asali. Haki ya Mungu, asali ya nyuki wadogo, na hakuna aliyeitia."

Rozalia aliutua mzigo wake chini taratibu, maana angeutua kwa haraka ungemfikia Saturnini kichwani.

Chupa zile hazikuwa za Saturnini. Zililetwa na mshenga, Mwalimu Selestini, kwa niaba ya Jastin, kijana wa Ruangwa mwenye malori yanayobeba mizigo ya mgodini, aliyetaka kumwoa Lusiana. Lusiana ni binti pekee wa Rozalia, yuko chuo cha uuguzi mwaka wa pili. Na katika ukoo wao neno la mtoto wa kike liko kwa mjomba, na kinywaji cha posa kina sheria yake. Kinakaa ndani kimefungwa mpaka binti aulizwe mbele ya watu. Akikataa, kinarudi kilikotoka kama kilivyokuja. Kikifunguliwa kabla, basi, yamekwisha: mjomba amekubali, na mjomba akikubali ukoo mzima umekubali. Saturnini aliijua sheria hiyo tangu hajajua kufunga vishikizo vya kaptula yake. Ndiyo maana aliitwa kutoka Nanganga aje kukaa hapa Nachingwea mpaka siku ya majibu, aulinde mzigo. Na alikuwa anaulinda vizuri kweli.

"Nani kakwambia ufungue?"

"Nimeonja tu."

"Nimekuuliza nani."

Saturnini akafumbua macho. Alikuwa na umri wa kuitwa babu, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeanza shule jana na akaipenda. "Mwenyewe Jastin. Kanitumia sauti kwenye simu. Kitu hiki kina elimu yake, dada. Miaka yote nimekunywa uraka wa mabibo na gongo nikidhani najua kunywa. Sijui chochote."

Akabonyeza simu, na sauti ya Jastin ikatoka pale barazani, imechangamka, imejaa Dar es Salaam.

"Anko Satu, shikamoo. Sasa anko, hiyo usiigide kama uraka. Weka kidogo, chungulia rangi kwanza. Halafu nusa, mdomo uache wazi kidogo. Halafu ndo uonje, uiache kwenye ulimi, usimeze fasta. Ikikuchoma tia tone la maji, itafunguka yenyewe. Anza na ya chupa nyembamba, hiyo laini, ya wanaoanza. Wala usiogope anko, wewe fungua tu, tusicheleweshane."

"Rudia hapo mwisho," alisema Rozalia.

Saturnini akarudia. Fungua tu, tusicheleweshane.

Hapo hasira ya Rozalia ilihama mahali. Kwa kaka yake ilikuwa hasira ya kawaida, ya kila siku, ya kumkuta mtu mzima kafanya upuuzi. Hii mpya ilikuwa ya Jastin. Mama yake Jastin ni Mmwera kama wao, wa Nanganga hukohuko. Kijana amekulia ndani ya sheria hii, anajua kinywaji kikifunguliwa kinasema nini. Hakuleta zawadi, alileta mtego, tena akatuma sauti kuuelekeza mguu wa panya pa kukanyaga. Alitaka harusi kabla ya Krismasi. Chuo, alisema, Lusiana atamalizia akiwa kwake. Rozalia alikuwa ameyasikia maneno hayo wakiambiwa wasichana wengi, na wote masomo yao yaliishia jikoni. Yeye alishasema kwa majirani, kwa paroko na kwa kila aliyekuwa na masikio kwamba mwanawe hatoki chuoni mpaka avae kofia ya wauguzi.

"Nipe hicho kikombe."

"Dada, wewe na pombe wapi na wapi?"

"Nipe nijue mwanangu kapewa kwa ladha gani."

Alikuwa mama wa jumuiya, kiongozi wa waimbaji wa sauti ya kwanza, na koo lake halikuwa limepitisha kileo tangu siku ya harusi yake. Alikunywa amesimama. Ilimchoma midomo, ikamchoma ulimi, na moto ulipopoa kikabaki kitu kama asali na tunda lililoiva. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba ilikuwa tamu. Angeipata chungu angetulia.

"Umeona?" Saturnini alisogea, kasahau kabisa kwamba anagombezwa. "Sasa hii ya pili. Huyu anasema ililazwa kwenye mapipa yaliyokuwa na divai, miaka na miaka, mpaka mti ukaipa rangi. Iache ulimini. Unasikia zabibu?"

"Nasikia ujinga wako."

"Na karafuu. Kwa nyuma huko, sikiliza."

Ilikuwepo karafuu. Ilikuwepo na zabibu kavu, na ganda la chungwa lililokaushwa juani. Rozalia alizipata zote, moja baada ya nyingine, na kila alipoipata moja alizidi kukasirika, kwa sababu alianza kuelewa jinsi kaka yake alivyonaswa. Mzee wa watu hajawahi kuulizwa maishani mwake kitu alichokula kina ladha gani. Leo kapata kijana wa kumuuliza, na kwa hilo tu kamtoa mpwa wake.

Ya tatu ilikuwa bado imefungwa. Rozalia aliichukua, akang'oa kizibo mwenyewe. Saturnini alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa.

"Zimeshafunguliwa mbili," Rozalia alisema. "Hakuna kufunguliwa nusu."

Saturnini akabonyeza sauti nyingine ya Jastin, nayo ikasema hiyo ndiyo baba lao. Shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa udongo, udongo wa mabondeni kwa Waskoti unaowaka kama kuni, na wengi wakiionja mara ya kwanza hutema. Saturnini akaonja, akatema mpaka kwenye maua. "Hii imeungua," alisema. "Hii wamemdanganya."

Rozalia hakutema. Moshi ulimjaa puani, na nyuma ya moshi ikaja harufu ya dawa, ile ya chumba cha kufungia vidonda. Ilikuwa harufu ya Lusiana mwenyewe anapokuja likizo kutoka mafunzo ya wodini, harufu isiyotoka kwenye sare yake hata ukifua mara ngapi. Alikaa chini na kikombe mkononi. Halafu yakamjia yale ambayo hakuyataka: mtungi wa pombe ya mtama, wanaume wanacheka, na yeye msichana aliyefaulu kwenda shule ya masista, anarudi kutoka kisimani na ndoo kichwani. Hakuna aliyemwambia kitu siku ile. Aliliona povu kwenye masharubu ya mjomba wake, akaelewa.

"Ulikuwepo," alimwambia Saturnini.

"Wapi?"

"Posa yangu. Walikupa kata ukanywa."

"Nilikuwa mtoto, dada."

"Ulikuwa na ndevu."

Saturnini akatazama chini. Rozalia alinyanyuka, akazirudisha chupa kwenye boksi, tatu zilizofunguliwa na moja nzima.

"Jumapili utawajibu wewe," alisema. "Mimi sitakufichia."

Lusiana alifika Jumamosi kwa basi. Alikuwa mkimya, akimtazama mama yake mara kwa mara kama mwenye neno. Rozalia hakumpa nafasi. Alimwambia asiwe na wasiwasi, mambo yote ameshayamaliza, yeye akapumzike.

Jumapili baada ya misa wageni walikuja. Mwalimu Selestini alitangulia na koti lake la heshima, akifuatiwa na shangazi yake Jastin, Bi Albina. Jastin mwenyewe alibaki kwenye gari barabarani, kama inavyotakiwa, ila kioo alikishusha ili asikie. Boksi liliwekwa katikati ya mkeka. Selestini akalifunua, akaanza kuzihesabu chupa zilizo wazi. Bi Albina hakuhesabu. Alipiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia.

"Kimeze hicho kigelegele," alisema Rozalia.

Akaingia ndani, akatoka na begi la kaka yake. Mlikuwa na mashati yake, kandambili zake, na jezi anayovaa akienda kuangalia timu ya Namungo. Akaliweka mbele ya Bi Albina.

"Sheria ni sheria. Kinywaji kimefunguliwa, posa imekubaliwa. Aliyekunywa ni huyu hapa. Jastin alimwelekeza mwenyewe kwa simu, afungue, anuse, atie na tone la maji. Basi bwana harusi amemchagua wa kwake. Mchukueni Saturnini. Kupika hajui, ila kuonja amefundishwa."

Majirani waliokuwa ukutani walicheka bila aibu. Selestini aliuma mdomo. Saturnini alilitazama begi lake, akawatazama watu, na hasira ya kuchekwa ikampanda na yeye.

"Haya, nitakwenda," alisema. "Lakini tutakwenda wawili. Hata huyu dada yangu kaonja. Ya tatu kafungua kwa mkono wake."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Rozalia alihisi uso unamwaka, lakini hakukana, maana ilikuwa kweli. Alipogeuka alimwona Lusiana mlangoni. Binti hakuwa anacheka.

Kule barabarani mlango wa gari ulifunguliwa na Jastin akaja mbio, viatu vyake vinavyong'aa vikijaa vumbi. "Mama, samahani, mimi nilikuwa naharakisha tu. Nilijua mtachelewesha."

"Kaa chini," Mwalimu Selestini alimwambia. Alikuwa mtu wa haki, na ilionekana kwamba na yeye kaona amevishwa kilemba cha ukoka. Akamgeukia Lusiana. "Binti, hapa wameongea wote isipokuwa wewe. Unasemaje?"

Lusiana alimtazama Jastin, siyo mwalimu.

"Nilikuwa na jibu," alisema. "Tangu Pasaka ninalo. Ungeniuliza mimi, ningekwambia unisubiri nimalize chuo, halafu ningekuja kwako kwa miguu yangu. Hukuniuliza. Ulimfundisha mjomba kunywa. Kwa hiyo jibu ni hapana, na hiyo hapana haina kusubiri."

Mwalimu Selestini akasema kinywaji kilichofunguliwa kwa hila hakimfungi mtu. Wageni walilibeba boksi lao wakaondoka, na begi la Saturnini likabaki pale kwenye mkeka.

Rozalia alimfuata mwanawe jikoni akiwa ameshinda. Mwili wote ulimchemka kwa ushindi. Alimkuta Lusiana amesimama mbele ya mafiga yaliyopoa, machozi yanamtiririka na ngumi kazikunja.

"Usimlilie yule," Rozalia alisema. "Nilijua tangu mwanzo humtaki."

"Nilikuwa namtaka, mama."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Lusiana alijifuta uso kwa kiganja. Alipomtazama mama yake, hasira iliyokuwa machoni mwake ilikuwa ileile aliyomtazama nayo Jastin.

"Uliniuliza lini?"

Rozalia alitafuta siku hiyo. Alianza na jana, akarudi nyuma wiki, akarudi mpaka siku boksi lilipoingia ndani, na kote aliwakuta paroko na majirani, yeye mwenyewe akiongea nao, na Lusiana hakumkuta popote.