Koti la Baba Yake Okech

Harufu ndiyo iliyomshtua Dative, kabla hata hajaona moshi. Sufu ikiungua hunuka kama nywele zilizoguswa na moto, na fundi yeyote aliyeshika pasi zaidi ya wiki moja anaijua harufu hiyo. Aliitupa simu mezani, akainyanyua pasi kwa mikono miwili. Mgongoni mwa koti, chini kidogo ya ukosi, palikuwa na alama ya kahawia yenye ncha, ukubwa wake kama yai la kuku.

“Mamma? Hallå?” Sauti ya binti yake Mélissa iliendelea kuita kwenye simu. Alikuwa amepoteza funguo za nyumba, ndiyo maana alipiga.

“Nenda hapo jirani kwa mama Annick, uningoje huko,” Dative alisema, akakata simu.

Ilikuwa Jumatano, wiki ya pili ya Oktoba, mwaka 2010. Koti lilikuwa la kuchukuliwa Jumamosi.

Dative alikuwa Mrundi wa mkoa wa Ngozi, mwanamke wa miaka arobaini na minne. Ushonaji alijifunza katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na Kiswahili chake alikiokota huko huko. Sasa alifanya kazi katika duka dogo la kurekebisha nguo pale Husby, pembezoni mwa Stockholm, mali ya Mzee Khamis, mtu wa Pemba. Khamis alishughulika na suruali za kupunguza na zipu zilizokufa. Kazi ya kufuma tundu ilikuwa ya Dative peke yake. Alichomoa nyuzi ndani ya pindo la nguo yenyewe, kisha kwa sindano nyembamba akazipitisha juu ya tundu, uzi mmoja juu, mmoja chini, mpaka mwenye nguo akasahau alikuwa amekuja kwa shida gani. Watu walivuka mji kwa ajili ya mkono wake.

Okech alikuwa mmoja wa watu hao. Alikuwa Mkenya wa kutoka Ahero, dereva wa basi, mkaazi wa Fittja, upande wa pili wa mji, mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Siku aliyokuja alilitoa koti kwenye mfuko akalilaza mezani pole pole. Lilikuwa la sufu nzito, rangi ya majani makavu, limekatwa kwa mtindo wa zamani.

“Ni la marehemu baba yangu, alikuwa mwalimu,” alisema. “Nondo wamelila hapa kwa mkono, na hapa mbele. Jumamosi lazima nilivae. Tuna mkutano wa chama chetu, sisi tunaojitengenezea bia nyumbani. Msimu huu tunaonja bia za maboga, na yangu imo.”

“Bia ya boga?” Khamis aliuliza kutoka kwenye cherehani yake.

“Ya boga, mzee. Na mdalasini, na karafuu kidogo.”

“Karafuu!” Khamis alitikisa kichwa. Baba yake alichuma karafuu maisha yake yote, na hakuwahi kuwaza kwamba zingefika huko.

Matundu ya nondo Dative aliyamaliza kwa siku mbili. Kilichobaki kilikuwa kupiga pasi tu.

Khamis aliporudi kutoka kuswali alasiri alisimama mlangoni, akanusa. “Kuna kitu kimeungua.”

Dative aliligeuza koti. Alimwonyesha. Khamis alivaa miwani, akalitazama koti, kisha akamtazama yeye.

“Mpigie mwenyewe simu. Sasa hivi.”

“Nitalifuma, Mzee Khamis. Hatajua.”

“Kama hatajua, mbona unaogopa kumpigia?”

Alikuwa anaogopa kweli. Kazi yake ya kwanza Stockholm ilikuwa kwa dobi mmoja wa mjini. Huko aliwahi kuharibu pazia la mteja, akaenda kukiri mwenyewe, na kesho yake akaambiwa asirudi. Tangu siku ile alijifunza kwamba ukweli ni kitu cha watu wenye mikataba ya kazi. Khamis hakuwa mtu wa kumfukuza, hilo alilijua kichwani. Hofu yake ilikuwa haijui.

Alikata sehemu yote iliyoungua, akapasua mishono ya ndani, akachomoa nyuzi kwenye pindo na kwenye mikunjo iliyofichwa na bitana, mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Alipokuwa akikata, aliona kwamba pembeni ya alama ya pasi palikuwa na doa la bluu, dogo, la zamani, kama wino uliofifia. Alifarijika kidogo. Angalau na uchafu huo ungeondoka. Kipande kile alikitupa kwenye pipa pamoja na vinyuzi vingine, na Alhamisi pipa likamwagwa.

Siku zile mbili hakula mchana. Kila simu ya duka ilipolia, sindano ilimchoma kidole. Mélissa alimwuliza kwa Kiswidi kama anaumwa, naye akajibu kwa Kiswahili kwamba ni baridi tu.

Jumamosi asubuhi Khamis alilichukua koti hadi dirishani. Alilizungusha, akalisogeza karibu na uso, akalisogeza mbali.

“Mashallah,” alisema mwishowe. “Macho hayaoni kitu.” Kisha akafumba macho na kupitisha kidole taratibu chini ya ukosi. Kidole kikasimama. “Ni hapa. Kidole kinajua.”

Okech alitakiwa kuja saa nne. Saa nne kasoro robo alipiga simu. Alikuwa Hornstull, kwenye ukumbi wa chama, anapanga viti, wenzake wamechelewa, hawezi kutoka. Je, dada angeweza kumletea? Khamis alikuwa peke yake na wateja watatu. Dative akavaa koti lake mwenyewe akatoka.

Ndani ya treni aliufungua mfuko kila kituo. Mwanga wa treni ulikuwa mkali na mweupe, na kila mara aliona kitu: mstari, kivuli, uzi uliolala vibaya. Akigeuza nguo kidogo, kitu kile kikapotea. Alipobadilisha treni kwenye kituo kikuu, T-Centralen, alikuwa na jasho shingoni, ingawa watu wote walikuwa wamejifunga skafu.

Ukumbi wa chama ulikuwa chumba cha chini katika jengo la makazi. Watu kama kumi walikuwa wamezunguka meza ndefu iliyojaa glasi ndogo. Okech alimpokea kwa mikono miwili, akalivaa koti pale pale mbele ya watu. Alipapasa mkono, akapapasa kifua, akatafuta matundu ya nondo asiyaone. Alicheka kwa furaha, na wenzake wakapiga makofi.

“Mimi niende sasa,” Dative alisema.

“Hapana, dada! Umevuka mji mzima halafu urudi na koo kavu? Kaa.”

Alipewa kiti. Okech ndiye aliyekuwa akimimina, na kila alipozunguka meza mgongo wake ulipita mbele ya macho ya Dative, karibu kiasi cha kuugusa. Taa za dari zilimulika moja kwa moja chini ya ukosi. Alijaribu kutazama glasi.

Bia ya kwanza ilitoka Amerika, nyekundu kama chai ya rangi, tamu, imejaa mdalasini na kungumanga. Ya pili ilikuwa kali. Mwenyekiti wa chama, mama mmoja wa Kiswidi mwenye nywele nyeupe, alimwuliza mgeni anaonja nini. Dative alijibu kwa Kiswidi, bila kufikiri, kwamba anaonja keki ya Krismasi lakini boga halioni. Meza nzima ikacheka.

“Anajua huyu!” Okech alisema. “Nyumbani mlikuwa mnatengeneza, sivyo?”

“Mama alikuwa akipika pombe ya mtama, kila baada ya mavuno. Mimi ndiye nilikuwa naonja kama imeiva.”

Hapo wakaanza kumwuliza juu ya kila glasi. Kadiri walivyompenda ndivyo alivyozidi kuogopa, kwa sababu sasa macho yote yalikuwa upande wake, na upande wake ndipo koti lilipokuwa. Bia ya nne ilikuwa ya Okech. Dative aliinusa, akanywa kidogo, akanywa tena. Humo boga lilikuwemo kweli. Lilikuwa na ladha ya boga lililochomwa kwenye majivu, likaliwa na ganda lake.

“Hii ina boga,” alisema. “Hili ni boga la shambani.”

Okech alifurahi mpaka akashindwa kukaa. “Mbegu niliagiza kwetu Ahero. Baba alipanda maboga nyuma ya nyumba ya shule.” Kwa furaha na joto la chumba akavua koti. “Ngojeni, niwaonyeshe kitu,” akawaambia wenzake kwa Kiswidi, akaligeuza mgongo juu, akainua ukosi.

Alitazama. Akalisogeza chini ya taa, akatazama tena. Akaligeuza kana kwamba ameshika upande usio wenyewe.

“Dada,” alisema kwa Kiswahili, “hapa palikuwa na wino.”

Angeweza kusema aliuosha. Fundi huosha madoa, nani angemlaumu? Maneno yalikuwa tayari mdomoni, matamu, mepesi. Lakini Okech alikuwa akimtazama bila shaka yoyote usoni, kama mtu anayeuliza njia kwa mwenyeji.

“Niliunguza,” Dative alisema. “Jumatano, kwa pasi. Nilikuwa naongea na simu. Nikakata pale, nikafuma upya. Nilifikiri ni doa la uchafu.”

Okech alipitisha kidole chini ya ukosi. Kidole kikasimama palepale kiliposimama cha Khamis. Alilikunja koti, akaliweka chini ya kwapa, akatoka nje. Mwenyekiti aliuliza kimetokea nini. Dative aliiacha glasi mezani, akamfuata Okech.

Alimkuta kwenye ngazi za nje, amekaa, koti mapajani.

“Nilikuwa na miaka sita,” Okech alisema bila kugeuka. “Malaria ilinishika vibaya. Baba alinibeba mgongoni mpaka zahanati, kwa miguu. Nililia njia nzima, ndiyo akanipa kalamu yake nishike. Ikavuja. Mama alitaka kuusugua ule wino, baba akakataa. Akasema hiyo ni sahihi ya mgonjwa aliyepona.” Alilaza kiganja juu ya koti. “Alipokufa sikwenda kumzika. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado hazijatoka.”

Dative alikaa ngazi moja chini yake.

“Kile kipande kiko wapi?”

“Nilikitupa. Kimeshabebwa na takataka.”

Okech aliitikia kwa kichwa, muda mrefu, kama anayekubaliana na mtu mwingine.

“Pasi inaweza kuunguza nguo ya yeyote,” alisema. “Lakini ungenipigia Jumatano, ningekuja kukichukua hicho kipande. Hata kikiwa kimeungua.”

“Niliogopa.”

“Mimi nilikuwa wa kuogopwa?”

Pazia la mteja, dobi wa mjini, mikataba, vyote hivyo vilikuwa maneno, na yeye aliona aibu kuyasema. “Nisamehe, kaka,” alisema tu.

“Nenda nyumbani, dada. Sina ubaya nawe. Lakini kwa sasa siwezi kukutazama.”

Jumatatu alimweleza Khamis kila kitu. Khamis hakumwambia kwamba alimwonya. Alimmiminia chai, akamsogezea kikombe, akarudi kwenye cherehani yake. Baada ya muda akasema, “Hapa hufukuzwi. Nilidhani unajua.”

Kuanzia siku ile simu ya Dative ilikaa ndani ya droo, na kabla ya kushika nguo yoyote alimwuliza mwenyewe juu ya kila alama aliyoiona: hii niitoe, au niiache? Wengine walimshangaa. Mama mmoja alisema iache, ni divai ya siku ya harusi yake, akaondoka akitabasamu. Lakini kila kengele ya mlango ilipolia Dative aligeukia mlango haraka, na kila mtu mrefu aliyepita mbele ya dirisha alikuwa Okech mpaka apite.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, mwezi Novemba, mtu mrefu mmoja hakupita. Aliingia, amevaa sare ya udereva, theluji mabegani. Dative alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

“Shikamoo, mzee,” Okech alimwamkia Khamis kwanza. Kisha akaweka juu ya meza suruali nyingine ya sare. “Mfuko umechanika. Sarafu zinadondokea kwa kiatu.”

Dative aliichukua. Alitaka kuuliza, akaogopa, kisha akauliza. “Na koti, kaka?”

“Liko kabatini. Bado sijalivaa.” Okech alivuta kiti, akakiinua kile kilichoanguka pia, akakiweka mahali pake. “Nitangoja hapa hapa, zamu yangu inaanza saa nane.”

“Unaweza kwenda kunywa kahawa ukarudi. Si kazi ndefu.”

“Nitangoja. Mzee anieleze vizuri hizo karafuu za Pemba. Mwakani nataka niziongeze kidogo.”

“Kwenye pombe yako mimi simo,” Khamis alisema, lakini tayari alikuwa anatafuta kikombe cha tatu.

Dative alikaa, akaweka uzi kwenye sindano mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza ulikataa kuingia. Aliushona mfuko ule mbele ya macho ya Okech, naye hakuinua kichwa mpaka mshono wa mwisho.