Nyonyo ya Sita

Akiba haiozi, wahenga walisema, na Ditte aliliamini neno hilo kuliko ilivyompasa. Asubuhi waliyoondoka mjini kwao Horsens, mumewe Asger akihangaika kufunga baiskeli nyuma ya gari-nyumba, yeye alichukua nyonyo moja ya mpira, ile ya kumtulizia mtoto, akaizika ndani ya kopo la kahawa, akafunika. Hakumwambia mtu. Nyonyo nyingine tano zilikuwa kwenye mfuko mwekundu, na hizo ndizo zilizokuwa zikienda kisiwani Samsø kuagwa.

Maana likizo yenyewe ilikuwa ya hilo. Binti yao Gry alikuwa anatimiza miaka mitatu wiki ijayo, chekechea inamngoja, na daktari wa meno alishakunja uso mara mbili. Bado mtoto alikuwa halali bila nyonyo mbili, moja mdomoni, nyingine mkononi ya kujisugulia pua. Dawa ya ugonjwa huo kila mzazi wa nchini kwao anaijua. Unampeleka mtoto kwenye mti wa nyonyo, anazitundika kwa mkono wake mwenyewe, anaziaga, na kuanzia siku hiyo yeye ni mkubwa. Asger aliuchagua mti wa Samsø kwa kuwa za kwake alizitundika huko huko, na tangu wavuke na feri alikuwa akiisimulia habari hiyo kana kwamba alikwenda vitani akarudi.

Mti ulikuwa nyuma ya uwanja wa mpira. Ulikuwa mwaloni mnene, matawi yamesheheni nyonyo za kila rangi, nyingine zimepaushwa na jua, nyingine zimeota ukungu, pamoja na barua za watoto zilizotiwa kwenye mifuko ya plastiki. Asger alimpandisha Gry mabegani.

"Kaza utepe, binti yangu. Upepo wa hapa hauna adabu."

"Sasa ziage," Ditte alisema kutoka chini. "Kulia ruksa."

Gry hakulia. "Kwaheri nyonyo. Laleni. Msigombane."

Aliyelia ni Ditte, akageuka kujifanya anatafuta funguo.

"Hivi anayeachishwa hapa ni nani?" Asger aliuliza.

"Vumbi hili."

"Vumbi? Mvua ya jana yote ile?"

"Gry mkubwa sasa," Gry alitangaza kutoka juu, akimpiga baba yake kofi la utosi.

Ukubwa huo ulidumu mpaka saa saba mchana, saa ya kulala. Ndani ya gari-nyumba, walilokuwa wameliegesha kwenye kambi ya wageni, hakuna pa kukimbilia. Ukinyoosha mguu unagonga jiko, ukinyoosha mkono unafungua choo. Gry alilia hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Asger aliimba nyimbo zote anazozijua na mbili za kubuni, kisha akamtia mtoto kwenye kigari chake na kumsukuma katikati ya mashamba ya viazi. Wakarudi wote wawili macho kodo.

Mzee Preben, mstaafu wa karavani ya jirani, aliyekuwa akipandisha bendera yake kila asubuhi kwa dakika ileile, alikuja na bakuli la stroberi.

"Mmemfanya nini huyo?"

"Tumetoka kwenye mti, mzee."

"Aa." Alitikisa kichwa kama aliyepewa habari ya msiba. "Poleni. Mimi nilikuwa nao watatu. Wa pili alilia siku nne."

Ditte aliposikia siku nne, macho yake yalikwenda yenyewe kwenye kopo la kahawa.

"Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge," Asger alimwambia.

"Wewe unayaogea nje na kigari. Mimi nimo humu ndani nazama."

Usiku walilala kwa zamu. Kesho yake, siku ya kuondoka, saa saba ikafika tena. Asger alikuwa amekwenda kuosha vyombo kwenye jiko la kambi. Gry alilala chali, kilio kimegeuka kwikwi, anajisugua pua kwa ncha ya blanketi. Ditte akashindwa. Kwa kweli hakuwa akiogopa kelele. Walishakubaliana na Asger kwamba mtoto ni huyu mmoja, na Ditte alihisi kwamba nyonyo zikienda, mtoto wake mchanga ndiyo amekwenda, na hatakuja mwingine. Alifungua kopo, akaifuta nyonyo ya sita kwa shati lake, akampa.

Gry aliipokea, akainusa.

"Ananuka kahawa."

"Kidogo tu, mama. Lala naye."

"Kwa nini hakwenda kwenye mti?"

Ditte alimvutia blanketi. "Alichelewa."

Gry akaketi. "Wenzake wanamngoja." Akateremka, akavaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto, akasimama mlangoni.

Asger aliporudi na beseni la vyombo aliwakuta hivyo. Aliitazama nyonyo, akalitazama kopo lililo wazi, akamtazama mkewe.

"Feri ni saa kumi," alisema.

"Najua."

"Na mimi kahawa hiyo nimekunywa siku tatu." Akawasha gari.

Hawajamaliza kilomita tatu, Gry alikuwa amelala kwenye kiti chake, mdomo wazi, mikono mitupu. Asger alisimamisha gari chini ya mwaloni, akanong'ona, "Tunaweza kugeuza. Hatajua."

Ditte aliikunja nyonyo kiganjani. Ilikuwa bado ina alama ya jino dogo la mwaka jana. Kisha akashuka, akafungua utepe wa nywele zake, akaifunga nao kwenye tawi la zile tano. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, Asger hakutania, alimpa tu leso.

Gry aliamka wakiwa kwenye foleni ya feri. "Mama alimfunga?"

"Amemfunga vizuri," Asger alisema.

"Mama alilia?"

"Sana."

Gry alifikiri, akanyoosha mkono, akampapasa mama yake shavuni.

"Basi," alisema. "Mama naye mkubwa sasa."