Mtu Mmoja Anasema

Mgeni aliingia asubuhi, bila hodi.

Hanifa alikuwa kwenye duka la vitambaa la baba yake, Iringa mjini, akikunja vitenge vilivyopanguliwa na mteja aliyeondoka mikono mitupu, simu ilipotetemeka juu ya kaunta. Namba asiyoijua ilikuwa imejiunga na kundi lake la mtandaoni kwa linki. Haikuwa na sura ya mtu, ilikuwa na picha ya mkungu wa ndizi. Hajapata hata la kuandika, ujumbe wa sauti ukaingia: kwanza kikohozi, kisha kimya, kisha sauti ya mzee.

"Habari zenu. Naitwa Lutengano, niko huku Rungwe. Mke wangu alifariki mwaka jana, akaniacha na bustani yake ya mboga. Mimi ni mtu wa migomba na chai, mboga sizijui. Zinakufa moja moja. Kijana wangu kaniambia humu mnasaidiana. Basi nimekuja."

Kundi lenyewe liliitwa Bustani ya Uani. Hanifa alilianzisha alipomaliza chuo na kurudi nyumbani kungoja kazi ambayo haikuwa na haraka ya kuja. Walikuwa watu wachache, wa Iringa na Mbeya, waliolima vieneo vidogo nyuma ya nyumba zao. Alikuwamo Yash, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbeya mjini, aliyeotesha nyanya juu ya paa kwenye ndoo za rangi. Alikuwamo Masumbuko wa Igowole, mkulima wa kabichi, ambaye utani wake ulistawi kuliko kabichi zake. Na alikuwamo Bupe.

Bupe ndiye aliyekuwa moto wa kundi. Mumewe alikwenda Chunya kufuata dhahabu, naye akamfuata mumewe, akajikuta kwenye vumbi asikokuwa na shangazi wala jirani wa kumwita kwa jina la utotoni. Kwa maji ya kuoshea mboga alikuwa ameotesha majani ya maboga uani, na kila yalipotambaa hatua moja alipiga picha akawaonyesha wenzake. Kila mgeni alimpokea yeye, kwa maneno yale yale: "Karibu, sogea motoni, huku kwetu baridi." Hanifa alishayaona makundi mengine yalivyokufa. Mwanzoni salamu, halafu matangazo ya mikopo, halafu kimya. Hili liliishi kwa sababu swali la mtu halikuanguka chini, Bupe alilidaka.

Kwa hiyo asubuhi ile wote walimngoja Bupe amsogeze mzee motoni. Wakangoja. Mwisho simu ya Hanifa ikaonyesha mstari mmoja mdogo: Bupe ametoka kwenye kundi.

"Bi admin," Masumbuko akaandika, "mama mwenye nyumba kalefti. Nani kamuudhi? Kama ni ule utani wangu wa maboga naomba radhi, na maboga yenyewe nayaomba radhi."

Hanifa alimpigia Bupe palepale. Iliita mpaka ikakata. Mara ya pili ikapokewa.

"Dada, vipi? Kuna mtu kakukosea?"

"Hakuna aliyenikosea, mdogo wangu. Ila mimi humo sirudi."

"Kwa sababu ya yule mzee? Mbona kaingia kwa adabu zote?"

"Yule ni baba mkwe wangu."

Hanifa akacheka kwa furaha. "Sasa si ndiyo vizuri? Mko familia moja."

Bupe akauliza, "Kwenu mwanamke anaongea na baba mkwe wake?"

"Anaamkia, anampelekea chai, anaongea naye. Kwa heshima."

"Kwetu sisi Wanyakyusa heshima ni kutoonana. Wengine siku hizi wameacha. Nyumba yetu haijaacha, na mimi sikuolewa pale kwenda kuwafundisha. Alikuwa akitoka migombani anakohoa mbali kabisa, mimi nasikia, napita nyuma ya jiko. Chakula kikiwa tayari namwambia mama mkwe, mama ndiye anamwambia. Sijawahi kumtazama usoni. Na jina lake silitamki."

"Lutengano?"

"Wewe litaje, si mkwe wako. Mimi hata ile wanayoiomba kanisani mwisho wa ibada, wakiitaja kwa Kinyakyusa, nafumba mdomo."

Hanifa akafikiri. "Amani?"

"Ndiyo hiyo. Naiombea kwa Kiswahili tu."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kilipokwisha Hanifa akafanya kosa ambalo angelijutia. "Lakini dada, ni mtandaoni tu. Hamuonani."

"Jina lake liko pale juu ya kila neno lake. Nikilisoma, nimelisema. Sauti yangu ikitoka, inaingia sikioni mwake. Hiyo 'tu' yako iko wapi?" Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu aliyechoka. "Ni mume wangu kaituma ile linki. Analisifia grupu kila siku, akasahau mkewe naye yumo. Usimtoe mzee, Hanifa. Amepoteza mke, hana pa kuuliza. Mimi bado kijana, nitazoea."

"Utazoea nini?"

"Hiki kimya cha huku," akasema.

Siku nzima Hanifa alipima vitambaa vibaya mpaka baba yake akamnyang'anya mkasi. Alijiona mtu aliyejenga nyumba ya mlango mmoja, sasa mlango huo hauwatoshi watu wawili wanaouhitaji kuliko wote. Jioni akampigia tena.

"Dada, nyumbani mama mkwe alikuwa anakubebea maneno, sivyo? Basi mimi nitakubebea. Wewe niambie mimi, mimi nitaandika mle, 'Mtu mmoja anasema.' Nao wakisema, nitakuletea bila jina lake."

"Utachoka."

"Sitachoka. Kila neno litafika siku ileile."

"Na usimtajie mtu ni nani. Hata mama yako. Jina likishatajwa hadharani, mzee atajua anaongea na mkwewe, na itambidi aondoke. Au niondoke mimi. Hakuna la tatu."

"Nimeahidi," Hanifa akasema.

Kesho yake akaandika kwenye kundi: "Mtu mmoja anamkaribisha mgeni wetu. Anasema sogea motoni, huku kwetu baridi. Anauliza, mboga unazimwagia mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni," mzee akajibu kwa fahari. "Sijakosa hata siku moja."

"Rungwe?" Masumbuko akaandika. "Huko mvua inanyesha hata mtu akipiga chafya. Mzee wangu, mboga hizo hazifi kwa kiu, zinazama."

Yash akaongeza kwamba hata ndoo zake yeye amezitoboa chini. Ilipofika zamu ya mtu mmoja, Bupe alikuwa ametuma sauti ndefu, naye Hanifa akaiandika yote kama alivyopewa: "Mtu mmoja anasema, kona ya chini, penye lile jiwe la kufulia, maji hutuama. Kila masika mwenye bustani alichimba kamfereji kuelekea kwenye migomba. Kazibuliwe. Mnavu utanyanyuka wenyewe."

Alipoituma tu, akaisoma tena. Jiwe la kufulia. Hakuna aliyekuwa ametaja jiwe.

Masumbuko hakumwacha apumue. "Huyu mtu mmoja kajuaje kuna jiwe? Ni malaika au ni mwizi wa mnavu?"

Mzee hakuandika mchana kutwa. Hanifa alikuwa na hakika ameharibu kila kitu, na hakuthubutu kumwambia Bupe. Kabla ya magharibi ujumbe wa sauti ukaingia. Kikohozi kirefu, kisha:

"Jiwe lipo. Na mfereji nimeuona, ulikuwa umejaa majani. Bi admin, mwambie huyo mtu nimekohoa. Atafahamu. Sitauliza ni nani, na ninyi wengine nawaomba msiulize. Kuna watu heshima yao ni kutotajwa."

Basi hawakuuliza. Hata Masumbuko, ambaye ulimi wake haukujua lango, alianza kusema, "Mtu mmoja hajambo leo?" kama anavyoulizwa jirani aliye upande wa pili wa ua. Mambo yakaenda hivyo mwezi hadi mwezi. Mzee akiuliza, Chunya ilijibu. Majani ya maboga ya Chunya yakitobolewa na wadudu, Rungwe ilishauri majivu. Katikati yuko Hanifa, akisikiliza na kuandika, akifuta jina na kupeleka. Kuna siku alichoka kweli. Kuna siku bando liliisha, akaazima simu ya mama yake na kukaa nayo kibarazani ili asionekane anachoandika. Lakini kundi lilinenepa, si kwa watu, kwa maneno.

Ndipo shirika moja la kilimo mjini Mbeya likatangaza nafasi ya mratibu wa makundi ya wakulima mtandaoni. Hanifa akaomba, akiwa na cheti cha chuo na Bustani ya Uani tu mkononi. Wakamwita. Kabla ya siku yenyewe, ofisa aliyeitwa Adrian akaomba aingizwe kundini aangalie, na wanakikundi wakakubali.

Ofisini kwake Adrian alimkaribisha chai, akazungumza naye vizuri.

"Kundi lako dogo, lakini lina uhai. Nimekaa mle siku chache nikatamani kupanda vitunguu, na mimi naishi ghorofani." Akatabasamu, kisha akageuza simu yake. "Ila hapa naomba unisaidie. Huyu mtu mmoja ni nani?"

"Ni mwenzetu."

"Simwoni mle ndani."

"Yuko nje."

"Ni mwenzenu, na yuko nje."

"Ndiyo. Maneno yake yanapita kwangu."

Adrian akasogeza kikombe pembeni. "Hanifa, nitasema wazi. Tumewahi kuajiri mratibu aliyejiuliza maswali na kujijibu mwenyewe ili kundi lionekane limechangamka. Wenzangu wakiangalia hapa, nusu ya mazungumzo ni wewe. Nipe jina na namba, nimpigie, yaishe."

"Niliahidi kutomtaja kwa mtu yeyote."

"Hata kwa ajili ya kazi?"

Hanifa alitazama mikono yake. Alitaka kumweleza habari ya kikohozi na ya jiko, lakini aliona kwamba ukishaeleza hayo kwa mtu aliyemo kundini, jina linabaki kujitaja lenyewe. "Samahani, kaka," akasema.

Adrian hakukasirika. Alifikiri, akapata njia aliyoiona ya haki, na kwa kweli ilikuwa ya haki. "Mimi kwa upande wangu nakutaka. Wenzangu watalitazama kundi mpaka Ijumaa ndipo tuamue. Mtu mmoja apumzike mpaka siku hiyo. Mwenye la kusema aingie aseme mwenyewe. Wakiona kundi linasimama bila yeye, kazi ni yako. Wakimkuta tena, sitakuwa na la kukutetea."

Hanifa akashukuru, akatoka. Nje manyunyu yalikuwa yameanza, na mlima Loleza umefunikwa wote na ukungu. Alisimama chini ya upenu wa duka, akapanga moyoni jinsi atakavyomwambia baba yake kwamba zimebaki siku chache tu apate kazi. Simu ikatetemeka.

Mzee alikuwa ametuma picha. Beseni la bluu juu ya jiwe, limejaa mnavu, majani mapana, mabichi, yanang'aa maji. "Nimechuma," ameandika. "Mara ya kwanza tangu mama aondoke. Leo nala cha nyumbani kwangu."

Pongezi zilimiminika. Yash akatuma makofi. Masumbuko akaandika kwamba anakuja na ugali wake, wasimsubiri kwa mlo wa kwanza, wamsubiri kwa wa pili. Hanifa akaichukua picha peke yake, bila jina, akaipeleka Chunya.

Sauti ya Bupe ilirudi upesi. "Ndilo beseni la mama," akasema. "Hanifa, andika mtu mmoja anasema hongera. Basi. Neno hilo moja. Lakini liende leo, mdogo wangu. Mboga ya kwanza haipongezwi kesho."

Hanifa akaanza kumwandikia: "Dada, naomba tungoje mpaka Ijumaa, kuna jambo la kazi." Akasimamisha kidole. Alimjua Bupe. Angekubali mara moja, angesema hakuna neno, tena angemwombea apate. Asingelalamika hata kidogo, kama ambavyo hakulalamika alipotoka kundini na kukirudia kimya cha Chunya. Rungwe nako mzee angekula mnavu wake, akitazama simu kati ya tonge na tonge, pongezi zote zimefika ila ile moja.

Akafuta alichoandika. Akafungua Bustani ya Uani. Juu, kati ya waliokuwa mtandaoni saa ile, alikuwepo Adrian.

"Mtu mmoja anasema hongera," Hanifa akaandika, akatuma, akajitanda mtandio kichwani na kuanza kutembea kwenye manyunyu kuelekea stendi.