Sajenti wa Bi. Verna

Duane Lindquist alikuwa ameosha vyombo vya maziwa maisha yake yote. Si sufuria na vikombe, la. Matangi ya kiwanda cha jibini, makubwa kiasi cha mtu kuingia mzima mzima na buti zake, akasugua kuta kwa maji ya moto na klorini mpaka chuma kikang'aa. Wenzake walikuwa wakisema ukitaka kula sakafuni, subiri zamu ya Duane iishe. Kiwanda kilipofungwa alijikuta mstaafu kabla hajataka kuwa mstaafu, na nyumba yake ikaanza kung'aa badala ya kiwanda. Wa kumwambia inatosha hakuwapo. Mkewe Connie alikuwa amehamia Arizona na mwanamume mwingine, mahali ambapo theluji huonekana kwenye televisheni tu.

Kwa hiyo jirani yake, Bi. Verna Halvorson, alipomwomba alichukue tangi lake la samaki, kitu cha kwanza Duane alichokiona hakikuwa samaki. Aliona uchafu.

Bi. Verna alikuwa amevunjika nyonga na sasa anahamia nyumba ya wazee upande wa pili wa mji, na kule hawaruhusu kiumbe chochote, hata kasuku. Tangi lilijaa ukuta mmoja wa sebule yake. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, mwani umepanda kioo cha nyuma, na ndani waliishi pamoja samaki wa nchi za joto wa kila namna: wadogo wenye mstari wa buluu unaowaka, wengine wenye mikia mipana ya rangi rangi, na kambare wadogo wenye sharubu waliokuwa wakichimbachimba kokoto. Chini, kando ya gogo, alikaa mkubwa wao, mnene, wa rangi ya chungwa, mrefu kuliko kiganja cha mtu, na mikanda mitatu myeusi mwilini.

"Huyo ndiye Sajenti," alisema Bi. Verna. "Kurt alimpa jina hilo kwa ajili ya zile tepe zake tatu."

Kurt alikuwa mwanawe wa pekee. Alimnunua Sajenti akiwa mdogo kama kidole, na mwezi wa Machi uliofuata akapita na pikipiki yake ya theluji juu ya barafu ya ziwa ambayo kila mtu alikuwa amemwambia haifai tena, ikapasuka chini yake. Mama yake hakujua lolote kuhusu samaki. Alijifunza kwa sababu tangi lilikuwa limewashwa na hakuwa na moyo wa kulizima. Miaka zaidi ya ishirini ikapita namna hiyo.

"Hawa wengine wanakuja na kwenda, sikudai habari zao," aliendelea. "Lakini huyu ndiye kitu cha mwisho chenye uhai ambacho Kurt alikishika. Mimi ni mzee, Duane. Naomba jambo moja tu. Mimi nitangulie, yeye afuate. Mazishi mengine ya nyumba hii siyawezi."

"Bi. Verna, huyu atatuzika sote wawili."

"Mimi anizike. Wewe shauri yako." Akamtazama juu ya miwani. "Na usimguseguse sana. Mhamishe na maji yake. Acha mambo yalivyo."

Duane aliitikia kama mtu anavyomwitikia mzee ambaye macho yamechoka na haoni tena vumbi.

Siku ya kuhamisha aliwatia samaki kwenye ndoo, kisha akafanya kazi aliyoijua. Maji ya chai aliyamwaga nje, yakaganda palepale. Kokoto alizisuuza kwa maji ya moto mpaka zikawa nyeupe. Gogo alilipiga brashi. Ile sponji ya chujio ilitoa tope jeusi lenye harufu ya bwawa, naye akaguna, akailoweka kwenye klorini, akaikamua, akailoweka tena. Alikuwa akipiga mluzi. Tangu kiwanda kifungwe hakuwa amepata kitu kichafu cha kumstahili.

Jumapili aliupeleka ushindi wake kwa Bi. Verna, kwenye simu. Picha ilionyesha maji yasiyoonekana kabisa, samaki kama wamening'inia hewani.

"Mbona yanang'aa hivi?" aliuliza Bi. Verna.

"Ndiyo kazi yangu hiyo."

Yeye akamrudishia simu. Kisha akafungua kitambaa cha karatasi alichokuwa amekificha mkobani, ndani mna kipande cha tango alichokiokoa kwenye saladi ya mchana. "Mpelekee Sajenti. Tango ndiyo bia yake."

Kabla ya katikati ya wiki walianza kufa. Kwanza wale wenye mstari wa buluu, mmoja mmoja, wakilala ubavu juu ya kokoto nyeupe. Kisha wenye mikia. Duane aliwatoa kwa wavu na, kwa kuwa ni yeye, akasafisha tena. Akabadilisha maji yote. Akaiosha sponji upya. Wakafa kwa kasi zaidi. Kambare wadogo walipanda juu kuvuta hewa kama watoto waliokimbizwa, wakashuka, wasipande tena. Duane aliwazoa, na kila alipomaliza aliinama kumwangalia Sajenti, ambaye mapezi yake yalikuwa yamekunjamana na tepe zake zimefifia.

Alichukua maji kwenye chupa akaenda duka la samaki, akamkuta msichana mmoja mwenye kipini puani, anaitwa Shawna. Shawna alitia matone ya dawa ya kupimia, maji yakageuka kijani kibichi.

"Mzee, hii ni sumu ya mikojo yao wenyewe. Umefanya nini na sponji?"

"Nimeiosha."

"Kwa maji ya tangi?"

"Kwa klorini."

Shawna alifumba macho kidogo. "Ungetumia nyundo ungemaliza mapema. Lile tope lina vidudu, vidogo havionekani. Ndivyo vinavyokula sumu. Tangi la zamani kama hilo, vidudu vyake vimekaa miaka. Wewe umewafukuza wapishi na mafundi wa choo siku moja, halafu unashangaa kwa nini wageni wanaugua."

Duane alisimama pale na kofia yake mkononi. Maisha yake yote alilipwa kuua hivyo vidudu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuna mahali ambapo ni kosa.

"Kuna mmoja amebaki," alisema. "Huyo hawezi kufa. Sikiliza, dada, huyo hafai kufa kabisa."

Shawna alimwangalia usoni, akaacha utani. Alikata kipande cha sponji chafu kutoka tangi la dukani, akakitia kwenye mfuko wenye maji. Akampa na ile dawa ya matone. Badilisha maji kidogo kila siku, alisema, chakula kiduchu, na uchafu uache. Uache, mzee. Duane aliuweka ule mfuko ndani ya koti, karibu na kifua, akaendesha polepole kama mtu aliyebeba kitoto kichanga.

Ndiyo ikawa wiki ya tabu na ya matumaini. Aliuona mwani ukianza kwenye kona ya kioo, mkono ukamwasha, akajizuia. Jumapili ilipofika alimwambia Bi. Verna kwamba Sajenti yupo, jambo ambalo lilikuwa kweli, na hakusema habari za wengine. Siku zilizofuata kijani cha matone kikapauka. Sajenti akafungua mapezi. Akala tango. Alhamisi jioni matone yakatoka manjano safi kama Shawna alivyomwambia ayatarajie, na Duane akapiga kofi pajani peke yake jikoni.

Ijumaa asubuhi alimkuta Sajenti amelala ubavu kando ya gogo.

Alikuwa amelala kama walivyolala wote waliomtangulia, ubavu wa chini kwenye kokoto, jicho moja linatazama juu. Duane aligonga kioo. Akagonga tena kwa nguvu. Samaki hakutikisika. Duane akavuta kiti, akakaa, na alilia, yeye ambaye hakulia Connie alipopakia gari.

Wavu ulikuwa pale, lakini hakuweza. Wale wengine aliwatoa kama taka. Huyu alitaka kaburi, na ardhi ilikuwa imeganda kama chuma mpaka Aprili. Hakuweza pia kukaa chumba kimoja naye. Dada yake Peggy alikuwa amemwalika kwake mjini Eau Claire mwisho wa wiki, naye alikuwa amekataa kwa ajili ya samaki. Sasa hapakuwa na sababu. Akachomoa plagi ya pampu, akachomoa na ya hita iliyopasha maji, na taa yake nyekundu ikazimika. Halafu akapunguza mtambo wa kupasha nyumba joto mpaka chini kabisa, kiasi cha kuzuia mabomba tu yasigande na kupasuka, ili maiti isioze na kunuka kabla hajarudi. Alikuwa mtu msafi mpaka mwisho.

Peggy, kama Wisconsin nzima inavyofanya Ijumaa, alimpeleka kula samaki wa kukaanga. Duane aliisogeza sahani.

"Samaki wa jirani, Duane!" Peggy alisema. "Mtu atakuona unalia juu ya viazi atafikiri umefiwa."

"Nimemfisha, Peggy."

"Basi mwambie yule mama. Atalia, atanyamaza. Wanawake wa umri ule wamezika mambo makubwa zaidi."

Jumapili aliendesha moja kwa moja mpaka nyumba ya wazee, maneno ameyapanga njiani. Bi. Verna alikuwa dirishani, nywele zimetengenezwa, na alipomwona uso tu akaanza kucheka.

"Ehee! Amekufanyia, siyo? Niambie amekufanyia!"

"Nini?"

"Amelala ubavu! Najua sura hiyo, na mimi niliwahi kuwa nayo." Akamshika mkono. "Nilisahau kukwambia, nisamehe. Ndivyo wanavyolala, jamii yao yote. Akishiba na maji yakimridhisha, anajitupa ubavu kama mlevi, hata ugonge kioo hasikii. Mara ya kwanza nililia nikampigia mchungaji simu. Mchungaji! Amefika na Biblia, Sajenti huyo anaogelea." Alicheka mpaka akakohoa. "Maana yake amekuzoea. Ametulia kwako, Duane. Sasa naweza kulala."

Duane alisema kitu, hakujua nini. Alisema amesahau jiko linawaka. Bi. Verna alimfuata kwa sauti mpaka mlangoni kwamba hajachukua tango.

Barabara ilikuwa na barafu, naye aliendesha kama Kurt. Nyumbani alifungua mlango, pumzi yake mwenyewe ikatoka mvuke sebuleni. Aliwasha taa. Kando ya gogo hapakuwa na kitu.

Moyo ulimruka. Kwa muda wa kuvuka zulia aliamini kabisa, akaita jina kwa sauti, na alikuwa tayari kumwahidi Mungu chochote.

Kisha akamwona. Alikuwa kwenye kona ya nyuma, amejibana kwenye mrija wa hita, mdomo umegusa kioo chake, mwili wote umeufuata urefu wake. Alikuwa ameamka kwenye maji yanayopoa, akavuka tangi zima, akaenda kukaa mahali ambapo joto lilikuwa likitoka tangu azaliwe. Alingoja hapo mpaka mwisho. Duane alimwacha akiwa hai na mzima, ameshiba, amelala usingizi, akamzimia moto na kwenda zake.

Alichomeka plagi. Taa nyekundu ikawaka. Akapandisha mkono wa shati, akautia ndani ya maji baridi na kumshika Sajenti karibu na ule mrija, akakaa hivyo mpaka maji yakapata vuguvugu na bega likafa ganzi. Mkononi mwake hakuna kilichobadilika.

Jumapili iliyofuata alikwenda, akiwa ameamua kusema. Bi. Verna alikuwa na habari njema. Daktari amemsikiliza moyo na kusema ni moyo wa msichana, nyonga inashika, hakuna kinachomzuia kufika mia.

"Mwambie Sajenti avumilie kidogo," alisema. "Yuko vipi?"

Duane alitazama mikono yake, myekundu ya kuoshwa.

"Yupo," alisema. "Analala sana."

"Mshenzi yule," alisema Bi. Verna kwa mapenzi, akatoa kitambaa cha karatasi mkobani. Safari hii mlikuwa na vipande viwili, kufidia cha wiki iliyopita.

Duane alivipokea. Nyumbani pampu ilikuwa inanguruma, hita inawaka, mwani umeanza kupanda kioo cha nyuma, na hakuutoa. Alisimama na koti lake, vipande vya tango kiganjani, hajui pa kuvipeleka. Mwishowe alifunua kifuniko akavitumbukiza ndani, na asubuhi akavitoa kama vilivyokuwa.