Kijito Kilichonyamaza

Sumaku hakuwa na baiskeli, wala mwavuli, wala meno ya kutosha kucheka mbele ya watu. Hakuwa na redio. Hakuwa na mtu wa kumwambia amevaa shati kinyume. Na tangu mvua za mwisho hakuwa na mke nyumbani, wala sauti ya kijito nyuma ya dirisha. Viwili hivyo viliondoka pamoja.

Mkewe alizoea kulala akibembelezwa na maji. Kijito kiliponyamaza, usingizi ukamhama, naye akafunga mzigo wake aende kwa dada yake.

"Mume wangu, sigombani na wewe," alisema mlangoni. "Kikisema tena, niite. Kisiposema, usinisumbue."

Kazi ya Sumaku ilikuwa kuokota chupa za plastiki na kumuuzia mpimaji, aliyezinunua kwa kilo. Waokotaji walikuwa na kanuni yao: kisichopimwa hakiokotwi. Mifuko laini haina uzito, basi waliiruka kama watu warukavyo dimbwi. Naye aliiruka, miaka nenda miaka rudi, na mvua ikaiteremsha hadi nyuma ya dirisha lake mwenyewe, ikakiziba kijito.

Asubuhi moja alishuka kijitoni. Mifuko ilikuwa imelala tabaka juu ya tabaka, ya buluu na nyeupe, kama mawingu yaliyochoka kukaa juu. Akaivuta taratibu. Mingine ilijaa upepo ikamfuata miguuni kama vifaranga. Alijiona kama anayeuvuta usingizi wa mkewe kutoka matopeni, kipande kwa kipande.

Mpimaji alipita, akasimama ukingoni.

"Sumaku, siku hizi unaokota upepo?"

"Naokota mke."

"Ukimpata mlete nimpime."

"Thubutu. Atakupima wewe kwanza."

Mpimaji akacheka, akavua viatu, akashuka.

Mifuko waliifua, wakaianika uani, wakaisokota kamba. Mpimaji alifunga marobota yake ya chupa kwa kamba hizo, na hazikukatika. Waokotaji wengine walipoona hivyo, wakaanza kuinama walipozoea kuruka.

Kisha, mchana mmoja wenye jua la upole, kijito kilishikwa na kwikwi. Kikanyamaza. Kikaanza kunong'ona, kama mtu anayekumbuka neno lililompotea. Sumaku aliketi upande wa kitanda aliokuwa akilala mkewe, akasikiliza, akasinzia na kofia yake kichwani.

Alipoamka aliandika:

"Mke wangu, kijito kimesema. Sauti yake bado nzito, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Njoo uisikie mwenyewe. Dirisha nimeliacha wazi."

Akafikiri kidogo, akaongeza: "Na shati langu sijui kama nimelivaa sawasawa."

Akalamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kidole gumba mpaka ukashika, akabandika stempu. Posta haikuwa mbali. Aliishikilia bahasha mdomoni mwa sanduku kwa kitambo, kisha akaiachia.