Ng'ombe wa Nergui

Siku Chinatsu alipoletwa wilayani kwetu, dereva Zundui alimshusha mbele ya ofisi yangu ya mifugo pamoja na begi lake kubwa, akaniambia, "Dada Dulmaa, Wajapani wametuletea daktari. Huyu hamalizi baridi moja." Alisema hivyo mbele yake akidhani haelewi. Chinatsu alimjibu kwa lugha yetu, polepole, kwamba kwao Hokkaido theluji hufika madirishani, na kwamba angependa kujua choo kiko wapi.

Alikuwa daktari wa mifugo kama mimi, msichana wa miaka ishirini na saba, amekuja kujitolea kwa miaka miwili. Hema lake la sufu tulilisimamisha uani kwangu. Wiki za kwanza alilala na moshi, maana hakujua kuwasha jiko la mavi makavu, na asubuhi alitoka macho mekundu kama aliyefiwa. Lakini alikuwa mtu wa kujifunza. Alijifunza kuvuta maji ya kisima kwa kigari, kula mafuta ya mkia wa kondoo bila kukunja uso, na kubaki garini mpaka mwenye kambi awazuie mbwa. Tulizunguka kwa wafugaji katika gari la Kirusi la Zundui, lililopasha joto upande wa dereva tu, tukichanja, tukikata kwato, tukizalisha. Jina lake wafugaji walilisikia kama chono, yaani mbwa mwitu kwa lugha yetu, na likamganda.

"Fungeni kondoo, Mbwa Mwitu huyo anakuja," mzee Sodnom alipaza sauti kila alipoona vumbi letu.

"Leo nimeshiba, mzee," Chinatsu alimjibu akishuka. "Nimekuja kuangalia wanene tu, kwa ajili ya kesho."

Kambi ya Sodnom na mkewe Nergui ndiyo ilikuwa ya mwisho kabisa, chini ya upenyo wa Ulaan, pale njia inapopanda kati ya milima miwili kuelekea kusini. Binti yao wa pekee aliolewa mjini na hakuwa mtu wa kurudi. Nergui maana yake ni "hana jina". Wazazi wake walikuwa wamezika watoto watatu kabla yake, wakampa jina hilo ili mashetani wasimwone. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Chinatsu alipofika kwake mara ya pili na jaketi lake jembamba, Nergui alimpima mabega kwa mikono, na mara ya tatu akamkabidhi joho la ngozi ya kondoo alilolishona mwenyewe. Tangu hapo Chinatsu akawa anamwita mama.

Mwaka wa pili mvua ya kiangazi, ambayo kwetu ndiyo huotesha nyasi, haikunyesha. Malisho yalikauka kabla hayajarefuka, na kufikia vuli, msimu wa kabla ya baridi, ardhi yote ya upande wetu ilikuwa ya rangi ya ugoro. Kila mtu alijua la kufanya: kuvuka Ulaan kabla ya theluji na kwenda kusini, ambako nyasi zilikuwepo. Wengine walikwisha kukodi malori. Sodnom alikuwa ameanza kufungua kamba za banda.

Tulifika kwake wiki hiyo kuwachanja mbuzi. Tulipomaliza, Nergui alimvuta Chinatsu mkono. "Njoo uniangalizie ng'ombe wangu mwekundu," alisema. "Anadondosha mate tangu juzi, na maziwa yamepungua. Labda amechomwa na mwiba."

Ng'ombe alikuwa amesimama peke yake, anainua mguu mmoja halafu mwingine kama anayekanyaga makaa. Chinatsu alimfungua mdomo na kushika ulimi. Ngozi ya ulimi ilibaki kwenye glovu yake. Alichuchumaa akatazama katikati ya kwato, kisha akaniangalia, nami nikaona amekuwa mweupe.

"Ni mwiba?" Nergui aliuliza.

"Si mwiba, mama," alisema.

Tulisogea nyuma ya gari. Zundui alizima sigara yake akatusikiliza.

"Dada, unajua ni nini hii," Chinatsu alisema.

"Ugonjwa wa miguu na midomo."

"Basi tupige simu leo."

"Tukipiga leo, kesho njia zinafungwa. Hawa watu wanahama wiki ijayo, Chinatsu. Hapa nyasi hakuna, umeona mwenyewe. Unajua maana ya kumfungia mfugaji mahali pasipo na nyasi?"

"Najua. Na wakivuka, wanavuka na ugonjwa. Huko chini kuna ng'ombe wa wilaya nyingine zote." Alivua ile glovu. "Mjomba wangu alikuwa na ng'ombe wa maziwa. Jirani yake aliuona ugonjwa huu bandani mwake akanyamaza, akiogopa. Ng'ombe wote wa bonde lile waliuawa. Mjomba hakuishi muda mrefu baada ya hapo."

Zundui alisema, "Dada, tungeweza kusema hatujafika huku. Petroli iliisha njiani."

Nilikuwa nimefanya kazi ile zaidi ya miaka ishirini, na nilijua kama Chinatsu alivyojua kwamba jambo hilo halifichiki. Tulipanda kilimani kutafuta mtandao, nikapiga simu mkoani. Aliyepiga ni mimi. Lakini watu walikumbuka nani aliingiza mkono mdomoni mwa ng'ombe.

Sodnom alipoelezwa alikaa juu ya furushi la kamba, akatoa chupa yake ya ugoro, asinuse. "Hivi wewe mke," alimwambia Nergui, "si ungempa chai tu." Nergui alikuwa ameshika ndoo ya maziwa. Aliifunika kwa kitambaa akaingia ndani.

Majibu ya maabara yalikuwa kama tulivyosema. Walikuja watu wenye mavazi meupe na greda, wakapiga risasi ng'ombe wote wa Sodnom na wa kambi mbili za jirani, wakawafukia. Mbuzi na kondoo waliachwa, lakini karantini ilikataza mnyama yeyote kutoka. Polisi waliweka hema pale kwenye upenyo wa Ulaan. Kila asubuhi Sodnom alipanda farasi kwenda kuwaamkia.

"Leo vipi, vijana wangu? Mkubwa wenu amesemaje?"

"Bado, mzee."

"Basi mwambieni kondoo wangu wanamsalimia. Wamekonda, lakini wana adabu, hawajamtukana."

Polisi walicheka, wakampa chai, wakamrudisha. Kisha ikanyesha mvua ya baridi usiku kucha, ikaganda, na juu ya barafu ile ikaanguka theluji. Amri ya kufungua njia ilipofika, upenyo ulikuwa umeziba hata kwa malori.

Kondoo hula kwa kuchimba theluji kwa kwato. Barafu hawawezi kuivunja. Walichimba mpaka miguu ikatoka damu, wakaacha, wakaanza kulana sufu. Tulienda kambi hadi kambi na magunia ya pumba yaliyoletwa na serikali, magunia machache kwa kundi kubwa, na kila tulikofika mizoga ilikuwa imepangwa kando ya banda kama kuni. Chinatsu aliwachoma sindano waliolala chini ili waamke. Waliamka, wakatembea kidogo, wakalala tena. Jioni alinawa mikono kwa muda mrefu mno na hakula.

Siku moja tuliingia dukani kununua mishumaa. Tsend mwenye duka alimhudumia bila kumtazama, kisha akawageukia wanawake waliokuwa wakiota moto.

"Mbwa mwitu wa milimani anakula kondoo mmoja, anaondoka," alisema. "Wa kwetu amekula wilaya nzima, na bado anataka mishumaa."

"Tsend, tabia gani hiyo," nilisema.

"Nimemtaja mtu, daktari? Nazungumza habari za wanyama."

Chinatsu alichukua mishumaa, akamshukuru kwa heshima zote kama alivyofundishwa, akatoka. Nje aliniambia shirika lake limempigia simu, linataka wote waliojitolea waondoke vijijini warudi mji mkuu mpaka baridi ipite. Nilimwambia aende. Alisema ameomba abaki, na kama watakataa, basi simu yake itakuwa imeishiwa chaji.

Mwezi wa pili tulifika tena kwa Sodnom, sehemu ya mwisho tukitembea kwa miguu tukivuta magunia kwenye kitelezi cha kuburuta thelujini. Alikuwa amewatenga kondoo na mbuzi waliobaki na nguvu, wamejaa banda moja dogo. Alisema angewavusha Ulaan kwa miguu, akitangulia na farasi kukanyaga theluji, nao wafuate.

"Subiri, mzee," Chinatsu alisema. "Trekta la mkoa linafungua njia. Wameahidi wiki hii."

Sodnom alimtazama bila ukali. "Nisubiri tena, mwanangu? Vuli yote nilisubiri kwa ajili yako."

Sodnom alimwongezea chai kwenye bakuli, akamsukumia jibini kavu. "Kula. Njia ya kurudi ni ndefu."

Nilijaribu na mimi. Nilimwambia mbingu za upande wa magharibi sizipendi. "Hata mimi sizipendi," alisema. "Lakini wanaokufa ni wangu." Nergui alikuwa akisokota uzi na hakuinua uso. Nadhani walikwisha kubishana hadi wakachoka.

Kimbunga cha theluji kilipiga siku iliyofuata, na hakuna aliyeweza kuona mkono wake mwenyewe. Kilipotulia, farasi wa Sodnom alirudi kambini peke yake, tandiko limegeukia tumboni. Nergui alitembea mpaka kambi ya jirani kuleta habari, na wanaume wa wilaya wakatoka kutafuta. Chinatsu alikwenda nao. Wapo waliosema asije. Zundui aliwaambia anayetaka kumzuia amshushe garini kwa mikono yake, na hakuna aliyethubutu.

Walimkuta Sodnom karibu na kilele cha njia, nyuma ya mwamba, ameketi amekunja miguu. Kondoo walimzunguka wakiwa wamegandana wao kwa wao, na katikati ya wale wafu walikuwemo wachache wanaopumua. Zundui aliniambia kwamba Chinatsu alipiga magoti akaanza kumfuta mzee theluji usoni kwa mkono wazi, taratibu, masikioni, kwenye nyusi, mpaka ikabidi wamshike mabega. Kisha aliwabeba wale kondoo hai mmoja mmoja hadi kwenye kitelezi.

Nergui alisimama nje ya hema akiwaona wanavyoshuka. Hakulia. Alitazama kilichokuwa kimelazwa chini ya turubai, halafu akamtazama Chinatsu.

"Una macho mazuri," alimwambia. "Mtu mwingine angeona mwiba."

Aliingia ndani. Chinatsu alibaki pale pale alipokuwa, na joho lile la ngozi mwilini.

Baada ya mazishi nilidhani ataondoka. Barua ya shirika ilikuwa kali. Badala yake theluji ilipoanza kulegea alimwomba Zundui ampeleke kwa Nergui, akashuka na kisu na mfuko wa chumvi ya kuhifadhia ngozi. Mizoga ilikuwa imeanza kuyeyuka, na ni lazima ichunwe na kufukiwa kabla ya joto, la sivyo visima vyote vya chini vinaharibika. Nilikwenda pia. Tulimkuta Nergui ameanza peke yake, kichwa amefunga kitambaa cha kijivu.

"Mama, nimekuja kusaidia," Chinatsu alisema.

Nergui aliendelea kukata. Tulisimama muda mrefu. Mwishowe alisema, "Shika miguu."

Chinatsu alishika miguu. Walichuna siku hiyo na zilizofuata, kwa harufu ile isiyotoka hata kwa sabuni na mafuta ya taa, na maneno waliyoambiana yalikuwa ya kazi tu: vuta, geuza, leta chumvi. Mara moja tu nilimsikia Chinatsu akianza, "Mama, siku ile ya ng'ombe..." Nergui alisema, "Geuza upande huu," naye akageuza. Usiku tulilala sote hema moja. Nergui alimfunika Chinatsu blanketi la pili, kisha akalala akimpa mgongo.

Muda wake wa kujitolea uliisha mwanzoni mwa kiangazi. Siku ya kuondoka alitaka kupitia kule kuaga. Tulikuta duara la udongo mtupu pale hema lilipokuwa, na jiko la zamani limeachwa limelala ubavu. Jirani alituambia binti wa Nergui alikuja na lori, wakaondoka asubuhi ya jana. Mjini Nergui sasa anakaa kwenye vibanda vya pembezoni, anashona glovu za kiwandani. Chinatsu hakuuliza kama ameacha salamu. Alizunguka lile duara bila kulikanyaga, akarudi garini, na Zundui akawasha injini.

Chinatsu hunipigia simu mara kwa mara kutoka kwao. Anafanya kazi kwenye machinjio, kukagua nyama, na anasema inamtosha. Huuliza habari za mvua, za Zundui, za Nergui, nami humwambia niliyo nayo. Kuna jambo sijawahi kumwambia. Mwaka huu nyasi zimeota vizuri, na nimezunguka kambi zote kuchanja. Kila ninakofika nakaribishwa vizuri, chai ya chumvi iko tayari, salamu za heri, watoto wameoshwa nyuso. Nikiuliza ng'ombe wako wapi, naambiwa wamekwenda mbali, upande wa mtoni, hawatarudi leo. Nami nakunywa chai yangu huku nikiwasikia ng'ombe hao wakilia nyuma ya kilima.