Mashine Zisizougua

Alikuwa fundi wa kompyuta katika kiwanda kidogo cha uchapaji, na alikuwa hoi. Printa ikikwama, yeye. Mteja akisahau nywila, yeye. Kompyuta zote alishaziwekea Linux, mfumo huria usioshikwa kirahisi na virusi, na mwenye kiwanda, waliyemwita Wino kwa vidole vyake visivyotakata, alijigamba kwa kila aliyeingia: "Chomekeni flashi bila wasiwasi. Mashine zetu haziugui!"

"Bosi, haziugui kirahisi," fundi alimwambia, "ila zinaweza kubeba ugonjwa wa wengine." Akaweka programu ya kukagua kila flashi. Foleni ikarefuka, wateja wakanuna, Wino akaja juu kila asubuhi: "Zima hiyo kitu, inatuchelewesha!" Fundi alibishana mpaka akachoka. Akaizima.

Haukupita muda, mdogo wake, mpiga picha za harusi, akaja kuchapisha tangazo la studio yake. Fundi akalirekebisha, akamnakilia folda nzima kwenye flashi, akamwahi mteja mwingine. Kesho yake simu ikalia.

"Dada, picha zangu hazifunguki. Hata moja."

"Umefungua nini?"

"Faili moja tu, kwenye ile folda uliyonipa. Nilidhani ni tangazo."

Laptop ya mdogo wake haikuwa ya Linux. Aliwasha tena ile programu, nayo ikakionyesha kirusi mara moja: kilitoka kwenye flashi ya mteja fulani, kikajilalia tu ndani ya mashine za kiwanda bila la kufanya, mpaka yeye mwenyewe alipokibeba na kumpelekea ndugu yake.

Siku yake ya mapumziko iliishia sakafuni mwa studio. Harusi za wateja alizipata, kwa bahati zilikuwa bado kwenye kadi za kamera.

"Na ile video ya mama akiimba jikoni?" mdogo wake aliuliza taratibu.

Fundi alitikisa kichwa. Mama yao hakuwepo tena duniani wa kurekodiwa upya.

"Bora ungenigombeza," alisema.

"Nikugombeze ili iweje, dada? Hebu inuka, unywe chai."

Wakanywa. Baadaye mdogo wake akajaribu kuukumbuka ule wimbo, akaukosea katikati. Dada akamsahihisha, naye mwenyewe akakosea mbele kidogo. Wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Kazi ilipoanza tena wiki iliyofuata, foleni ilifika mlangoni. Wino alitoka ofisini mbio. "Umeiwasha tena?"

"Nimeiwasha."

"Na hawa watu je?"

"Watasubiri, bosi."

Akachomeka flashi ya mteja aliyefuata. Wino alimtazama usoni. Kisha akaenda kumsogezea kiti bibi mmoja aliyekuwa amesimama muda mrefu.